Mzee Kucha na Kokoto Zilizooshwa na Mvua

Na hiyo sehemu ya nguzo siitoi, baba mdogo. Nimekwambia jana jikoni, nimekwambia leo asubuhi uliponishika mkono pale mlangoni, na sasa nakwambia mbele ya watu. Mlivyoitoa kwenye kijitabu cha mazishi mkadhani mmemaliza. Ndugu zangu, fungueni ukurasa wa tatu. Hiyo nusu nyeupe mnayoiona si mchapaji aliishiwa wino. Ilikatwa. Lakini maneno yaliyokatwa ninayo hapa, kwa mwandiko wangu mbaya, na nitayasoma yalivyo. Mnisamehe sauti ikitetemeka. Si kilio peke yake. Ninaogopa.

Marehemu baba yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mzee Kucha, alizaliwa Alhamisi tarehe 4 Mei 1961, mtoto wa tatu kati ya sita, kwenye nyumba ya vyumba viwili nyuma ya tanuri la matofali alikokuwa anafanya kazi babu. Bibi alikuwa anasimulia kwamba mtoto huyu hakulia alipotoka. Alipiga chafya kwanza, kwa vumbi jekundu lililokuwa linaingia dirishani, na mkunga akasema, "Huyu kaja kazini, hajaja kukaa." Ndivyo alivyokuwa mpaka mwisho. Hakuwahi kukaa.

Alianza shule ya msingi mwaka 1969 na kumaliza darasa la saba mwaka 1975. Kusoma kulimpa tabu, hesabu zilimpenda. Siku moja akiwa darasa la nne aliiba kipande cha chaki cha mwalimu, akakitumbukiza kwenye kopo la maji, akakaa anakiangalia kinavyotoa mapovu na kulainika. Mwalimu akauliza, "Unafanya nini wewe?" Akajibu, "Mwalimu, chaki ina kiu." Alifagia darasa wiki nzima. Alipokuwa anatusimulia alikuwa anacheka mpaka anakohoa, halafu anaongeza kwamba hilo ndilo somo pekee alilotoka nalo pale shuleni na hakulisahau.

Hakuchaguliwa kuendelea. Mwaka 1976 aliingia kwenye kazi za ujenzi, akiwabebea mafundi maji. Mwaka 1983 alishakuwa fundi mwashi kamili. Mwaka 1998 alihamia kwenye uwanja wa kusaga kifusi, na hapo ndipo alipofanyia kazi miaka yote iliyobaki. Kwa wasioujua uwanja ule: nyumba ikivunjwa, kifusi kinaletwa pale na malori, kinapita kwenye mkanda, kinaingia kwenye mashine, kinatoka kokoto za kujengea nyumba nyingine. Kazi nzuri, mawe hayatupwi. Ila nyumba haivunjiki ikatoa mawe peke yake. Inakuja na mbao, vioo, udongo, nailoni, matofali ya kuchoma, na yale mabao meupe ya dari ya jipsamu pamoja na lipu yake. Marehemu alisimama kwenye mkanda miaka ishirini na tano, akitoa kwa mkono kila kisichotakiwa.

Alikuwa akitufundisha mezani, tutake tusitake. Udongo, alisema, unaivalisha kokoto shati, saruji ikija inashika shati badala ya kushika jiwe. Mbao inakunywa maji, inavimba, inaoza, inakuachia shimo. Tofali linainyang'anya saruji maji yake, fundi anaongeza maji mengine, zege linakuwa uji. "Lakini jipsamu," anasema, na hapo anashusha kijiko, "hiyo ndiyo chaki yenyewe. Hiyo ni mchawi wa ndani ya nyumba. Inakaa na zege vizuri kabisa, imelala. Siku ikipata maji inaamka, inafanya fujo na saruji, vinavimba mle mle ndani. Na zege halijui kuvimba. Linajua kupasuka tu." Mama anamwambia, "Baba watoto, kula kwanza, hakuna jipsamu kwenye sahani."

Jina la Kucha lilitokana na dole gumba lake la kushoto. Aliifuga ile kucha, ngumu kama pembe ya mbuzi. Jiwe la kweli halikwaruziki kwa kucha, jipsamu inakwaruzika. Kipande akikitilia shaka anakikwaruza, kikitoa unga anakitupa kwenye lundo la kokoto mbovu kule uzioni. Juu ya lundo hilo alichomeka mlango mbovu, usimame kama mtu, ili kila dereva ajue: hapa hapachotwi.

Alifunga ndoa na mama yetu, mshonaji wa nguo, Jumamosi tarehe 12 Septemba 1987. Siku ya kwanza kwenda kujitambulisha ukweni, kabla hata hajasalimia, alipitisha kucha kwenye ukuta wa sebule uliokuwa umepigwa lipu mpya. Babu mzaa mama akamtazama, akamwuliza, "Kijana, umekuja kuoa au umekuja kununua nyumba?" Akajibu, "Nimekuja kuoa, baba. Ila huyu fundi amekuibia saruji." Wakwe wakakasirika, posa nusura ivunjike. Wiki iliyofuata lipu ilidondoka yenyewe kwenye kochi. Akaitwa kuipiga upya, na mama anasema alipiga ukuta wote kwa siku mbili huku anamwangalia yeye tu, na ukuta bado ukanyooka. Walijaliwa watoto watatu.

Sasa ndiyo tunaingia kwenye ugonjwa, na hapa ndipo mlipokata. Tulieni.

Kikohozi kilianza mwaka 2021. Jumatatu tarehe 16 Oktoba 2023 alizidiwa akiwa kazini, akalazwa wodi ya wanaume, kitanda cha pili kutoka dirishani, siku kumi na tisa. Daktari alisema mapafu yameshiba vumbi la mawe na vumbi hilo halitoki. Wiki zile mvua ilinyesha kila siku, mnakumbuka, barabara ya sokoni ilikatika. Alitoka hospitali Jumamosi tarehe 4 Novemba. Hakuja nyumbani. Alimwambia kaka ampitishe uwanjani kwanza, akashuka na ndala za hospitali. Kaka ni shahidi, yuko pale kajifunga shuka.

Alikuta lundo la uzioni halipo. Mlango mbovu umelala chini kwenye tope. Na lile lundo safi alilolichambua yeye mwenyewe, la chini ya bati, liko pale pale, halijaguswa. Akamwita dereva wa kijiko, ile mashine ya kuchotea kokoto.

"Wewe, lile lundo la uzioni liko wapi?"

"Lilishaondoka, mzee. Pole na kuumwa. Lori kumi na moja, limekwenda kwenye ghorofa la nyuma ya soko."

"Lile lenye mlango?"

"Mlango niliukuta chini. Nilijua upepo umeurusha tu. Halafu mzee, mvua ililiosha likawa linang'aa, safi kama la mtoni. Lile lako lingine limejaa vumbi tele. Nikasema, hili linalong'aa ndilo la Mzee Kucha."

Mnaelewa? Simlaumu sana yule dereva, na leo ametubebea maji ya msiba. Kila mtu wa ujenzi anafundishwa kwamba kokoto nzuri ni zilizooshwa. Zile safi zilikaa kwenye ukavu, zikabaki na vumbi la mashine. Zile mbaya zilikaa mvuani, udongo ukashuka, zikapendeza. Jipsamu ikabaki, vipande vyeupe vyeupe, ukivitazama kwa mbali unasema ni mawe mazuri. Kumbe alichokitoa baba kwenye lori mia moja kilikusanyika sehemu moja, kikaenda kwenye jengo moja. Kilimwagwa tarehe 24 na 25 Oktoba: nguzo nne za mbele, na slabu, ile sakafu ya zege iliyo juu yake.

Marehemu alikwenda kwa mkandarasi wa lile ghorofa siku hiyo hiyo, na ndala zile zile. Mkandarasi amekaa pale kiti cha mbele, kavaa suti nyeusi, asante kwa kuja. Alimwambia baba, "Zege limeshakauka, mzee. Unataka tulitapishe?" Vijana wa pale wakacheka. Baba akauliza vipimo. Akaambiwa vipimo vimepita. Akauliza, "Vile vijiboksi vya zege mlivyopeleka maabara vikavunjwe, mlivijaza siku ile ya nguzo, au siku ya msingi?" Mkandarasi akamjibu, "Nenda kapumzike, unaumwa." Msimamizi wake akaangalia viatu.

Na sasa sitampaka marehemu mafuta kwa mgongo wa chupa, hata kama kalala hapa. Baba alinyamaza. Lundo lilikuwa lake, mlango aliuchomeka yeye. Aliona watasema Mzee Kucha ndiye aliyeua. Akajiambia zege likikaa kavu jipsamu itaendelea kulala, rangi itapigwa, bati litafunika, Mungu atasaidia. Alinyamaza mwaka mzima na zaidi. Hilo ni kosa lake, na lilimla kuliko vumbi.

Agosti 2024 jengo likajaa watu. Chini ikafunguliwa shule ya chekechea. Ghorofa ya pili akahamia nani? Dada yangu mwenyewe, na mume wake na watoto. Kila mtu alimpongeza. Baba alikwenda siku ya kwanza, akagoma kupanda ngazi. Alikaa ng'ambo ya barabara kwa fundi viatu, anaangalia nguzo mpaka chai ikapoa. Dada akamfuata.

"Baba, mbona huji kuona nyumba?"

"Hama."

"Nihame wakati hata mapazia sijatundika? Kwa nini?"

"Hewa ya pale si nzuri."

"Hewa! Baba, sema tu humpendi mume wangu, tujue moja."

Shemeji, mlikaa miezi miwili hamsemeshani na mzee kwa sababu ya hewa. Leo nakwambia, alikupenda. Jicho baya alilokuwa akilikata halikuwa lako, lilikuwa la nguzo nyuma yako.

Desemba bomba la bafu la ghorofa ya kwanza likaanza kuvuja. Maji yakashuka ndani ya ukuta mpaka nguzo ya pili kushoto ukiingia, ile yenye mabomba wanakonawia watoto wa chekechea. Ikanywa maji Desemba nzima na Januari nzima. Mwisho wa Januari marehemu alirudi nyumbani na kitu kwenye leso. Akakiweka mezani mbele yangu. Kilikuwa kipande cha ile nguzo, kilichojibandua chenyewe. Akakibonyeza kwa vidole viwili tu, mtu mgonjwa yule ambaye hata kifungo cha shati alikuwa anafungiwa, na kile kipande kikakatika kama biskuti ya zamani. Ndani kulikuwa na madoa meupe, kila doa limezungukwa na ufa mwembamba.

Sikuelewa. Nilimwambia, "Baba, osha mikono, ule." Hakula. Tangu siku hiyo mvua ikipiga bati tu, anasimama katikati ya chumba, kichwa kainamisha upande, kama mtu anayesikiliza kama jina lake litaitwa. Tukidondosha sufuria jikoni, anauliza, "Ni wapi? Ni wapi?" Tulisema ni uzee. Tulimcheka, jamani.

Jumatatu tarehe 3 Machi 2025 alilazwa mara ya mwisho. Ijumaa tarehe 14, saa nane mchana, alivua kile kikombe cha hewa cha puani akaniambia yote niliyowasomea. Nikamwuliza umemwambia nani mwingine. Akasema, "Wewe."

"Kwa nini mimi? Si kuna kaka? Si kuna dada anayeishi mle?"

"Kaka yako ana adabu. Dada yako ana hasira na mimi. Wewe una mdomo."

Nesi akaja akamrudishia kikombe. Hakusema tena sentensi ndefu. Baba yetu alifariki Jumapili tarehe 16 Machi 2025, saa tano na dakika ishirini asubuhi, mama akiwa ameshika mkono wake wa kushoto. Alikuwa na umri wa miaka sitini na mitatu.

Juzi Jumatatu, wakati ninyi mnafunga turubai, mimi nilikwenda kwenye jengo. Nguzo zote nne zimepigwa rangi ya njano mbichi, inanata kwenye kidole. Msianze kuniambia usipoziba ufa utajenga ukuta. Huo ufa hawajauziba, wameupaka. Na ulishatoka tena juu ya rangi, umesambaa kama tope la dimbwi lililokauka, kutoka usawa wa goti mpaka juu kabisa. Niligonga kwa funguo zangu. Nguzo nyingine zililia kama jiwe. Ile ya pili ililia kama debe.

Mwalimu wa chekechea akatoka akaniambia, "Afadhali umekuja, nisaidie kusukuma huu mlango. Siku hizi mpaka uupige bega. Mvua imeuvimbisha."

Nikamwambia, "Mwalimu, huu mlango ni wa chuma."

Aliniangalia. Halafu tukaangalia juu wote wawili, kwenye kizingiti, kilichokuwa kimeinama katikati. Ndani watoto walikuwa wanahesabu moja mpaka kumi kwa sauti. Yule mwalimu yupo hapa, mwangalieni uso, muulizeni kama nimeongeza chumvi.

Nikamwambia baba mdogo. Akasema ngoja tuzike kwanza, tusimwaibishe mkandarasi, ni mgeni wetu na amejitolea. Amejitolea nini? Ukumbi wa ghorofa ya tatu ya jengo lile lile, utumike kulaza wageni wa msiba. Magodoro yalipandishwa jana. Tenki la juu limejazwa mpaka juu ili wageni waoge. Yaani watu hamsini na maji yale, vyote juu ya slabu ile. Nimefumba macho jana nikaona ngazi tu, zimejaa watu. Nimefumba leo nikaona ngazi.

Mkandarasi, najua unatikisa kichwa. Sijasoma uhandisi. Leta aliyesoma, apime, akisema nimekosea nitakuja kupiga magoti ofisini kwako na watu wote hawa wanione. Lakini apime jengo likiwa tupu.

Marehemu ameacha mjane, mama yetu, watoto watatu, yaani kaka, dada na mimi, mkwe mmoja, wajukuu wanne, wawili kati yao wanasoma chekechea ile, ndugu wawili wa kiume na dada mmoja, na wafanyakazi wenzake wa uwanja wa kifusi, ambao alikuwa anawaita wanangu wa vumbi. Mungu ampe baba utulivu alioutafuta huu mwaka mzima asiupate, na udongo huu uwe mwepesi juu ya kifua chake kilichochoka.

Sasa sikilizeni. Msiimbe kwanza. Saa hizi ni saa tisa, mawingu mnayaona. Ghorofa ya kwanza kuna mama amejifungua juzi, hakuweza kuja mazikoni, yuko ndani na mtoto mchanga. Ya pili kuna bibi asiyetembea. Kaka, wewe nenda kafungulie tenki maji yatoke yote, yatokee barabarani, si ndani. Shemeji, wewe na vijana wa uwanjani mkambebe bibi na kiti chake. Dada, watoto wako wako hapa mkononi mwako, usipande kuchukua chochote. Magodoro yaacheni, nguo ziacheni, tivii ziacheni. Mwalimu, kesho usifungue darasa hata uambiwe na nani. Wageni wote mtalala kwetu, tutabanana sebuleni, tutalala kwa kukaa.

Watu sita wenye nguvu wabaki na majembe wamfukie baba yangu. Yeye hana haraka tena. Waliobaki wote, mkandarasi na wewe ukiwemo, inukeni hapo mlipo, twendeni tukawatoe watu.